Shajara ya mradi: dondoo za mimea mbele ya seli kali za saratani ya matiti

Mwanzoni mwa Januari

Mradi umeanza rasmi. Kabla sijashika pipeti naandika tunachokitafuta, kwa sababu miezi ikisonga malengo huhama kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Tunataka kujua kama ndani ya mimea inayotumiwa na waganga wa tiba asili kuna kitu kinachoweza kuzuia seli za saratani ya matiti ya aina iitwayo hasi tatu. Seli za saratani hii hazina vipokezi vya estrojeni, hazina vipokezi vya projesteroni, na hazina protini ya HER2 kwa wingi. Kwa hiyo tamoksifeni, dawa inayoziba kipokezi cha estrojeni, haina pa kushika, na trastuzumabu, dawa inayoshika HER2, vilevile. Ni kati ya asilimia 10 na 15 ya saratani zote za matiti, lakini huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40, wanawake weusi, na wale waliorithi hitilafu katika jeni ya BRCA1. Hukua haraka, hupenda kuhamia mapafuni na kwenye ubongo, na ikirudi hurudi mapema, ndani ya miaka michache ya kwanza.

Kwa nini mimea? Kwa sababu wagonjwa hawa tayari wanatibiwa kwa mimea, ingawa wengi hawajui. Paklitakseli, moja ya dawa wanazopewa, inatokana na gamba la mti Taxus brevifolia, lililokusanywa Marekani mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani wakatangaza umbo la kemikali yake mwaka 1971, Susan Horwitz akaonyesha mwaka 1979 namna inavyokaza nyuzi za ndani ya seli mpaka seli ishindwe kugawanyika, na ruhusa ya kuitumia kwa saratani ya matiti ikaja mwaka 1994. Hata sasituzumabu govitekani, dawa mpya ya mwaka 2020 iliyoruhusiwa mahsusi kwa saratani ya hasi tatu iliyosambaa, imebeba sumu yenye asili ya kamptothesini, na kamptothesini ilitoka kwenye mti wa Kichina, Camptotheca acuminata. Kwa hiyo kutafuta kwenye majani na magamba kuna sababu. Ila angalia miaka: tangu gamba likusanywe mpaka dawa imfikie mgonjwa wa matiti, zaidi ya miaka 30.

Kanuni tuliyokubaliana sote maabarani: dondoo itakayotufurahisha zaidi ndiyo tutakayoishuku zaidi. Kuua seli ndani ya sahani ni rahisi mno. Chumvi nyingi inaua, sabuni inaua, maji matupu yanaua. Swali ni inaua kwa njia gani, inaacha nini hai, na kama kipimo chenyewe kinasema kweli.

Mwishoni mwa Januari

Mimea imefika, imekaushwa kivulini, imesagwa. Kila mmea una sampuli ya kumbukumbu iliyobandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa, yenye maua au matunda pale yalipopatikana, ili mtaalamu wa mimea aweze kuthibitisha jina la kisayansi leo na hata miaka ijayo. Bila hiyo kazi yote ni bure: jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili isiyohusiana kabisa. Makubaliano na waganga waliotuelekeza yaliandikwa na kusainiwa kabla ya jani la kwanza kuchumwa, kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014. Likipatikana la maana, nao wana fungu lao.

Kila mmea tunautolea dondoo mbili. Moja kwa maji ya moto, kwa sababu ndivyo mganga anavyompa mgonjwa. Nyingine kwa methanoli iliyochanganywa na maji, kwa sababu kemikali nyingi haziingii kwenye maji peke yake. Methanoli tunaiondoa kwa mashine ya kuvukiza chini ya ombwe, joto lisipite nyuzi 40, kisha kinachobaki kinagandishwa na kukaushwa mpaka kiwe unga. Unga wa methanoli unayeyushwa kwenye kiyeyusho kiitwacho DMSO, miligramu 100 kwa mililita. Tukifika kwenye seli, dozi ya juu kabisa ni mikrogramu 100 kwa mililita, na hapo DMSO inakuwa asilimia 0.1 tu, kiasi ambacho seli zinakivumilia.

Fundi sanifu wetu amezipa dondoo namba, D1 na kuendelea, na orodha ya majina ameifungia kabatini mwake. Mimi ninayesoma sahani sijui D3 ni mmea gani. Nimeomba iwe hivyo mwenyewe. Mtu akishajua kwamba kisima fulani, yaani kitundu kimoja cha sahani ya maabara, kina mmea uliomponya jirani yake, jicho linaanza kuupendelea.

Katikati ya Februari

Seli zimeyeyushwa kutoka kwenye nitrojeni oevu na zimeshika vizuri.

Aina kuu tunayoitumia ni MDA-MB-231. Zilitolewa mwaka 1973 kwenye maji yaliyojaa kifuani mwa mwanamke wa miaka 51, mgonjwa wa hospitali ya MD Anderson, Houston. Saratani yake ya titi ilikuwa imeshafika kwenye utando wa mapafu. Kila ninapofungua chupa namkumbuka mama huyo. Seli zake zimeishi maabarani miaka mingi kuliko alivyoishi yeye duniani, na hakuna anayefanya utafiti wa saratani hii ambaye hajazigusa.

Chini ya hadubini ni nyembamba, ndefu, zimechongoka ncha mbili, kila moja imeelekea upande wake. Hazishikani mikono. Tofauti na MCF-7, seli nyingine za saratani ya matiti, ambazo zina kipokezi cha estrojeni na hukaa kwa visiwa vilivyobanana, hizi zimeshaacha tabia ya kuwa tishu. Ukizitazama tu unaelewa kwa nini zinasafiri.

Kwa upande wa seli zisizo za saratani tuna MCF-10A, seli za tezi ya titi. Hizi zina madeko: zinataka seramu ya farasi asilimia 5, insulini, haidrokotisoni, kichocheo cha ukuaji cha EGF na sumu kidogo ya kipindupindu, la sivyo hazikui. Jambo hili lina athari ambayo wengi huipita. Protini za seramu hunasa kemikali za mimea, kwa hiyo dondoo ileile huweza kuonekana kali kwenye lishe moja (maji ya virutubisho ambamo seli hukuzwa) na laini kwenye nyingine, na tofauti hiyo ikahesabiwa kuwa dondoo inabagua saratani. Tutakapolinganisha kwa uzito, MDA-MB-231 nazo zitakaa kwenye lishe ya MCF-10A.

Tumepeleka seli kupimwa alama za DNA ziitwazo STR, kuhakikisha ni zenyewe. Si urasimu. Kuna seli ziitwazo MDA-MB-435 ambazo kwa miaka mingi zilitumika duniani kote kama saratani ya matiti iliyosambaa, hatimaye ikabainika kwamba zinalingana na seli za M14, za saratani ya ngozi. Fikiria tafiti zote zilizojengwa juu yake. Pia tumepima maikoplazima, vijidudu visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida wala havitii lishe ukungu, lakini vinabadilisha kila kitu kwenye seli, na vinaweza hata kubadilisha rangi ya kipimo tutakachotumia.

Majibu: seli ni zenyewe, na ni safi.

Mwanzoni mwa Machi

Sahani za kwanza. Kila sahani ina visima 96, lakini tunatumia 60 vya ndani tu. Vya pembeni hukauka haraka kwenye inkubeta, ukolezi unapanda, na seli zinakufa kwa chumvi huku wewe ukidhani ni dawa. Tumevijaza maji ya chumvi na kuviacha.

Seli 5,000 kwa kisima, zinalala usiku mmoja zishike chini, asubuhi dondoo, kisha saa 72. Kwenye kila sahani kuna visima vya DMSO peke yake, visima vya doksorubisini ili tuwe na kitu tunachojua kinaua, na visima vyenye dondoo bila seli hata moja. Hivi vya mwisho watu huviona ni kupoteza nafasi.

Kipimo ni MTT, kilichoelezwa na Mosmann mwaka 1983. Unatia chembechembe za njano zilizoyeyushwa, seli hai inazigeuza kuwa formazani ya zambarau, unayeyusha, unasoma kwa mwanga wa nanomita 570. Zambarau nyingi, seli nyingi hai. Dondoo ghafi ikipunguza seli kwa nusu chini ya mikrogramu 30 kwa mililita, kwa desturi ya watafiti wengi inastahili kuendelea.

Katikati ya Machi

D4 imetushangaza, na nataka niieleze kwa kirefu kwa sababu nadhani tafiti nyingi za dondoo zinakwama hapahapa.

Kabla ya kutia MTT huwa napitisha sahani kwenye hadubini, safu kwa safu. Kwenye visima vya D4 vya dozi ya juu hakukuwa na ubishi: seli zimejikunja duara, zimechomoka chini, zinaelea, baadhi zimebaki vipande. Nikaandika daftarini, "dozi mbili za juu, karibu zote zimekufa." Saa chache baadaye mashine ikasoma kinyume kabisa. Visima vilevile vilikuwa na zambarau nzito kuliko visima ambavyo havikupewa dondoo. Kwa mujibu wa namba, D4 ilikuwa inalisha saratani.

Tukatazama visima vya D4 visivyo na seli. Zambarau tupu. Hakuna uhai wowote mle, lakini formazani imejaa, mpaka sindano zake ndogo zinaonekana kwa hadubini zimesambaa chini ya kisima. Dondoo yenyewe ndiyo iliyoigeuza MTT. Polifenoli, vitamini C na kemikali nyingine zenye nguvu ya kutoa elektroni hufanya hivyo bila msaada wa seli, na mimea ya dawa imejaa vitu hivyo. Kupunguza namba ya kisima kisicho na seli hakutoshi hapa, kwa sababu kiasi kinachogeuzwa hakiwi kilekile seli zikiwepo.

Kwa hiyo dondoo zote, si D4 peke yake, zinarudiwa kwa SRB. Hiki ni kipimo ambacho Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilianza kukitumia mwaka 1990 kwenye uchunguzi wake wa seli aina 60, na ikakitumia kwa miaka mingi. Unazigandisha seli zilizoshika chini kwa asidi baridi, unasuuza kila kitu, dondoo ikiwemo, ndipo unapaka rangi ya waridi inayoshika protini. Dondoo inakuwa imeshaondoka wakati wa kupima, haiwezi kuingilia. Kina kasoro yake pia, maana hakitofautishi seli iliyokufa ikiwa bado imeng'ang'ania. Ndiyo maana hadubini haiondoki mezani.

Kwa SRB, D4 inaua. Si kwa nguvu ya kusisimua, lakini inaua. Kama tungekuwa na MTT peke yake tungeitupa na kuandika kwamba ni hatari kwa wagonjwa.

Mwishoni mwa Machi

SRB imerudiwa kwa dondoo zote. Nyingi hazina lolote chini ya mikrogramu 100. Ni habari, nimeziandika kwa uzito uleule. Zilizobaki mezani ni D2, D4, D7 na D9.

Katikati ya Aprili

D7 ilikuwa kipenzi cha maabara. Inaua taratibu, dozi ikipanda vifo vinapanda, mchoro wake umenyooka kama ulivyo kwenye vitabu. Kilichonitia wasiwasi ni rangi. Ukiitia kwenye lishe ya DMEM isiyo na seli na kuiacha ndani ya inkubeta, inaanza njano ya majani makavu, na baada ya saa chache imekuwa kahawia ya chai. Kitu kinaoksidishwa mle.

Inajulikana kwamba polifenoli, hasa za aina ya katekini na galiki, huungana na oksijeni kwenye lishe ya seli na kuzalisha haidrojeni peroksaidi. Halafu ni peroksaidi inayoua. Kujua ni rahisi: tia katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Pembeni weka kundi la katalesi iliyochemshwa, ambayo haifanyi kazi tena, ili usije ukadanganywa na protini iliyoongezwa tu.

Penye katalesi hai, seli zimestawi kana kwamba D7 haipo. Penye katalesi iliyochemshwa, zimekufa kama kawaida.

D7 imeondolewa kwenye orodha ya mbele. Mwilini damu na ini vimejaa katalesi. Peroksaidi inayozaliwa ndani ya sahani haina maana kwa mgonjwa. D4 nayo nusu ya nguvu yake imepotea kwa katalesi, na iliyobaki imeondoka tulipotoa tanini kwa unga wa polivinilipolipirolidoni. Tanini hukamata protini yoyote iliyo karibu, hazichagui. Imeondoka pia.

D2 haikutikisika. Wala D9.

Mwishoni mwa Aprili

Mama mmoja amenipigia simu. Amepata habari za mradi kwa mtu anayetufahamu. Binti yake ana saratani hii, amemaliza duru mbili za paklitakseli, nywele zimekwisha, vidole vinakufa ganzi.

"Mwanangu, mimi sitaki mengi. Nitajie tu huo mti."

Nikamwambia, "Mama, shikamoo tena. Hata mimi jina silijui, tumefichiwa makusudi. Na ningelijua nisingekutajia, kwa sababu nakuheshimu wewe na binti yako."

Akanyamaza. Nikamweleza nilichoweza. Paklitakseli huvunjwa na ini kwa vimeng'enya viitwavyo CYP2C8 na CYP3A4. Mmea unaovizuia vimeng'enya hivyo unaweza kuiacha dawa ikajaa mwilini mpaka ikawa sumu. Unaoviamsha unaweza kuifuta kabla haijafanya kazi. Si nadharia: mmea Hypericum perforatum, unaouzwa sehemu nyingi duniani kwa ajili ya huzuni, ulipochukuliwa pamoja na irinotekani, dawa nyingine ya saratani, ulishusha kiwango cha umbo lenye nguvu la dawa hiyo kwenye damu ya wagonjwa wa saratani kwa zaidi ya theluthi. Nikamwomba, chochote wanachompa binti nyumbani, wamwambie daktari bila woga, hata kama daktari atakunja uso. Na ganzi ya vidole waitaje mapema, kwa sababu dozi inaweza kurekebishwa kabla mishipa haijaharibika zaidi.

Alishukuru. Sijui kama nilimsaidia. Ila baada ya simu ile tuliamua kwa kauli moja kwamba ripoti zetu zote za kati zitaendelea kutumia namba bila majina.

Na kuna hesabu ambayo ningependa kila anayesoma kuhusu mmea fulani kuua saratani aijue. Kurkumini, kemikali ya bizari ya manjano, huua seli hizi kwenye sahani kwa mikromola kumi hadi hamsini. Watu walipopewa gramu 8 kwa siku kwa mdomo, kilichoonekana kwenye damu yao kilikuwa chini ya mikromola 2. Utumbo haukuipokea, na kidogo kilichopita ini likakigeuza. Bizari haina kosa. Sahani haina utumbo wala ini.

Mei

D9. Lazima niikabili.

Inaua MDA-MB-231 kwa dozi ndogo ajabu, chini hata ya mikrogramu 1 kwa mililita ikiwa bado dondoo ghafi. Doksorubisini iliyosafishwa ndiyo huonyesha mambo kama hayo. Katalesi haiigusi. Kutoa tanini hakuigusi. Kijana wetu wa shahada ya uzamili aliingia na mchoro mkononi, macho yanang'aa. "Mwalimu, tumeupata." Nilitamani sana awe amepata.

Lakini MCF-10A nazo zilikufa, karibu kwa dozi ileile. Tukazileta seli za 4T1, ambazo ni za saratani ya matiti ya panya na zina ukali unaofanana na wa hasi tatu. Hazikufa. Tukapandisha dozi mara kumi, mara mia. Ziliendelea kugawanyika.

Hapo picha ikawa wazi. Kuna jamii ya sumu ziitwazo glikosidi za moyo, zinazozuia pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli. Digoksini ni mojawapo. Ouabaini, inayopakwa kwenye mishale kutoka miti ya Acokanthera, ni nyingine. Pampu ya binadamu ni nyepesi sana kuzuiwa nazo. Ya panya imebadilika kidogo pale sumu inaposhika, ikawa sugu. Kipimo cha rangi cha Kedde, kinachotambua pete ya laktoni ya kadenolidi, kundi mojawapo la sumu hizo, kilitoa zambarau papo hapo.

Nimekaa na kijana huyo mchana mzima kulieleza hili, maana lina mtego mkubwa zaidi mbele. Tungeendelea bila kujua, hatua inayofuata ingekuwa kupandikiza uvimbe wa seli za binadamu kwenye panya na kumpa D9. Uvimbe, ambao ni wa binadamu, ungenyauka. Panya, mwenye pampu sugu, angebaki anakimbia mzima. Tungeandika kwamba dawa inaua saratani bila kudhuru mwili, na takwimu zote zingetuunga mkono. Kwa mwanadamu, dozi hiyohiyo ingesimamisha moyo.

Fundi sanifu ametufungulia jina la D9 peke yake, kwa idhini yetu sote, kwa sababu kuna watu wanaotumia mmea huo sasa hivi. Taarifa ya tahadhari imepelekwa kwa mganga aliyetuonyesha. Alitujibu kwamba wao huutumia kwa kupaka tu, hawaunywi kamwe, na walishangaa sisi kuuchemsha. Alijua. Dodoso letu halikuwa na nafasi ya kuandika namna ya matumizi, na sasa limeongezwa.

Juni

Imebaki D2, na sasa nairuhusu nafsi yangu kupendezwa kidogo.

Nguvu yake ni ya wastani, iko chini ya ile mikrogramu 30 lakini si mbali. Katalesi haiipunguzi. Kwenye lishe moja, MCF-10A zinahitaji zaidi ya mara tatu ya dozi ndipo zipungue kwa nusu. Kipimo cha aneksini V kimeonyesha kwamba seli zinakufa kwa mpango, zile zinazogeuza utando wao nje kabla ya kupasuka, na tulipozuia kaspesi, vimeng'enya vinavyoendesha kifo cha namna hiyo, vifo vilipungua sana. Si kuchomwa wala kuyeyushwa. Zinajiua.

Jambo lililonishika zaidi ni la kutembea. Unaacha seli zijae chini ya kisima, unachora mstari kwa ncha ya pipeti, unapiga picha. MDA-MB-231 zisizo na dawa huuvamia mstari ule kutoka pande zote, na kesho yake mara nyingi umeshafungwa. Kwa D2, kwa dozi ndogo ambayo haiui seli hata kidogo, kesho yake mstari bado uko wazi. Seli za ukingoni zimetandaza nyayo zao pana, zimejibana, haziondoki. Tulizuia kugawanyika kwa mitomaisini C ili tuhakikishe ni mwendo na si uzazi unaopungua, na matokeo yakabaki yaleyale. Kwenye vichujio vya matundu ya mikromita 8 pia, zinazopita upande wa pili ni chache.

Kwa saratani ambayo inaua kwa kusafiri, kitu kinachozuia safari kina thamani hata kisipoua. Nasema hivi nikijua kwamba dawa za kuzuia kusambaa ni ngumu mno kuzijaribu kwa wagonjwa, kwa sababu mara nyingi safari imeshafanyika kabla ugonjwa haujagunduliwa.

Julai

Tumeigawa D2 kwa viyeyusho, kutoka heksani, kwenda ethili asetati, butanoli, mpaka maji. Nguvu ya kuua imeangukia kwenye ethili asetati. Nguvu ya kuzuia mwendo imegawanyika, nusu ethili asetati na nusu butanoli, na hakuna fungu moja linalofikia dondoo nzima. Tulipoyarudisha mafungu yote pamoja kwa uwiano wake, nguvu ilirudi, kwa hiyo hakuna kilichoharibika njiani. Inaelekea ni kemikali zaidi ya moja zinazosaidiana. Hilo linafurahisha na linatia uvivu, kwa sababu sasa hatutafuti kitu kimoja.

Fungu la ethili asetati limepelekwa kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, kulinganishwa na kemikali zinazojulikana tayari. Ikiwa ni kwesetini (quercetin) au asidi ya ursoliki, ambazo zimeshachunguzwa mara nyingi na zipo kwenye mimea chungu nzima, tutasema hivyo na kuelekeza nguvu kwenye butanoli.

Unga wa majani unapungua. Sitaki turudi kuchuma mpaka tujue tunahitaji nini hasa. Miaka ya 1970, kwa ajili ya maitansini, zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills, Kenya, na dawa yenyewe ikashindwa kwa wagonjwa kwa sababu ya ukali wake. Miongo kadhaa baadaye ndugu yake wa kikemia, DM1, alifungwa kwenye trastuzumabu na mwaka 2013 akaruhusiwa kutibu saratani ya matiti yenye HER2, na leo anatengenezwa kutokana na bakteria, msitu hauguswi. Mmea wa D2, kwa maelezo ya fundi anayeyajua majina, unaota polepole. Ametuomba tuanze na mbegu, na vitalu viko tayari.

Kinachofuata kwenye sahani ni MDA-MB-468. MDA-MB-231 zina mabadiliko kwenye jeni ya KRAS, jambo la nadra kwenye saratani ya matiti, kwa hiyo inawezekana D2 inagusa udhaifu ambao wagonjwa wengi hawana. MDA-MB-468 hazina mabadiliko hayo. Zina kipokezi cha ukuaji kiitwacho EGFR kwa wingi na zimepoteza PTEN, jeni inayozuia saratani, na zilitoka kwa mwanamke mweusi, miongoni mwa wale ambao ugonjwa huu unawalenga zaidi. Zimeagizwa na cheti chake cha STR kimeshafika. Zitayeyushwa Jumatatu, zitakaa kwanza kwenye chumba cha karantini mpaka majibu ya maikoplazima yatoke, ndipo D2 itiwe, nzima na mafungu yake, kwa SRB, na hadubini kwanza.